Kiraka cha Sekunde Kumi na Moja

Dada yule aliingia kibandani kabla sijamaliza kufuta vumbi mezani. Alikuwa ameshika DVD moja, ameifunga ndani ya mtandio wa hariri, na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nataka kopi tatu," alisema. "Lakini nzuri. Zisigande."

"Hazitaganda."

"Wote munasema hivyo."

Kibanda chetu kilikuwa Buyenzi, katikati ya fundi cherehani na muuza vipuri vya baiskeli. Kazi yangu ilikuwa ile ambayo Bujumbura nzima inaiita kugrava: mtu analeta disiki, unamtolea nyingine inayofanana nayo. Siku hizi watu wengi wanakuja na flashi wanataka nyimbo, na anayekuja na DVD mkononi mara nyingi ana shida nayo. Nilikuwa nimepitia kazi nyingi tangu nilipoacha shule mwaka wa pili wa sekondari. Nilibeba saruji Kanyosha, nikauza kadi za simu, nikashinda mwezi mzima na mafundi wa friji kwa sababu tu nilitaka kujua baridi inatoka wapi. Hakuna hata moja iliyonishika kama hii. Wenzangu wakishaweka disiki wanakwenda kunywa chai. Mimi nilikuwa natazama. Niliingia sebuleni kwa watu ambao hawajawahi kunikaribisha, nikajua nani hakucheza kwenye harusi ya kaka yake na nani alilia mapema mno.

Kwa hiyo nilitazama na ile yake. Yalitokea maandishi ya rangi ya dhahabu yanayozunguka, kisha njiwa wawili weupe wakaruka kutoka kushoto kwenda kulia, na mkono wangu ukasimama juu ya kipanya. Njiwa wale niliwaweka mimi.

Miaka kama saba nyuma nilikuwa mtu wa montaji kwenye studio ya bwana mmoja aliyekuwa akipiga picha za harusi. Yeye alishika kamera, mimi nilikata na kuunga. Dada huyu sikumtambua kwa sura, maana bibi harusi wote hufanana chini ya poda, lakini kazi yangu niliitambua.

"Ni ya nini, hizi kopi?" nilimuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua.

Akakunjua karatasi. Mume wake alikuwa Ulaya mwaka wa tano sasa. Faili lake la viza ya kumfuata lilikuwa limerudishwa. Barua ilisema picha alizopeleka hazitoshi kuonyesha kwamba ndoa ilifungwa kweli, hivyo alete video nzima, na hasa sehemu ya nikaha. Mwisho ni leo, saa kumi.

"Kwa nini umengoja mpaka leo?"

"Barua ilienda kwa anwani ya zamani. Nimeipata jana." Akaikunja tena. "Wameandika watatazama yote. Ikipita leo, faili inafungwa. Naanza upya. Miaka mingine mitatu, minne. We, weka disiki."

Niliweka. Taa ya mashine ikaanza kumetameta. Kwenye skrini niliona wanaume wamekaa kwenye mazulia, shehe amefungua daftari, bwana harusi amekunja mikono ya kanzu mpaka karibu na kiwiko kwa joto. Nilijua nini kinafuata.

Ilifuata mikono. Mkono wa walii, baba wa bibi harusi, umeshika mkono wa bwana harusi, picha ya karibu sana, mwanga mzuri, kaswida chini yake. Sekunde kumi na moja. Baada ya hapo bwana harusi anakumbatiwa.

Mikono ile haikuwa yao.

Kila studio ya mjini ilikuwa na folda kama yetu. Sisi tuliiita viraka. Ndani yake kulikuwa na mawingu, maua, keki inayokatwa, pete inayoingia kidoleni, miguu ya bibi harusi inayoshuka garini. Kamera ikitikisika au mtu akipita mbele ya lenzi, unachukua kiraka, unaziba, unamwaga muziki juu. Mteja anasifu kazi. Kiraka hiki kilitoka kwenye harusi ya mtaa wa Mutanga Nord, ya watu wenye taa kali na mazulia mapya. Nilikichagua kwa uzuri wake, na sikutazama kitu kimoja: kwenye ule mkono wa bwana harusi kulikuwa na saa kubwa ya dhahabu.

Nilirudisha nyuma. Kabla ya kiraka, mkono wa bwana harusi mtupu. Ndani ya kiraka, saa. Baada ya kiraka, mtupu tena. Mtu anayetazama kwa ajili ya furaha hataona. Mtu anayelipwa kutafuta uongo ataona kabla hajamaliza kahawa yake.

Mashine ilisema asilimia arobaini. Dada alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, akituma ujumbe, anatabasamu peke yake. Nilijiambia kwamba sina lolote la kusema. Niliombwa kopi, natoa kopi. Asilimia sitini. Nilijiambia pia kwamba mtu wa viza anaweza kuwa mvivu. Asilimia themanini. Disiki ya kwanza ikatoka, ya moto, nzuri, haina kosa lolote, na nikaishika kwa kingo nikakosa mahali pa kuiweka.

"Dada," nilisema, "bwana yako ana saa? Ya mkononi?"

Akainua uso. "Nani amekuambia habari ya ile saa?"

"Nauliza tu."

"Ile saa karibu ituvunjie nyumba! Namuuliza, saa ya dhahabu uliyovaa siku ya nikaha iko wapi? Anasema mi sijawahi kuvaa saa. Namuonyesha kwenye DVD. Ananyamaza. Nikajua amempa mwanamuke. Mwaka mzima tumegombana, kwa simu, kwa pesa ya megabaiti!"

"Anasema kweli," nilisema. "Hakuwa na saa."

Nilimweleza. Nilieleza taratibu na vibaya, nikitazama kibodi. Nilipomaliza hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu.

"Yaani mikono ile ni ya nani?"

"Ya watu wa Mutanga Nord."

"Watu gani?"

"Sijui majina yao. Harusi yao ilikuwa nzuri."

"Ilikuwa nzuri!" Alisimama. "Mi nilikuwa chumbani na wanawake, sikuona kitu. Nikaha yangu naijua kwa hiyo DVD tu. Na we unaniambia nimeolewa na mikono ya Mutanga Nord!"

Akatoka nje, akapiga simu. Baba yake alikuwa fundi magari, gereji yake haikuwa mbali, na alifika akiwa bado anafuta grisi kwenye vidole. Alikuwa mtu mpana. Alipoingia kibandani mwanga ulipungua.

"Salamaleko."

"Aleikumu salamu, mzee."

"Nasikia umeniondolea mikono."

Nilimwonyesha. Alitazama sekunde zote kumi na moja bila kupepesa, kisha akaniuliza ni saa ngapi. Saa nne na robo.

Binti ndiye aliyelileta wazo. Alishusha sauti, kama kuna mtu wa viza amejificha nyuma ya printa. "Baba, si uko hapa? Una kanzu ileile nyumbani. Tunatafuta kijana mmoja, rangi kama ya bwana yangu, hana saa. Munashikana mikono. Huyu anapiga picha, anaweka pale. Nusu saa imekwisha."

Lazima niseme ukweli: wakati anaongea nilikuwa nimeshaanza kupanga. Niliona zulia la kuazima, niliona nitasimama wapi ili mwanga wa mlangoni upige kutoka upande. Ingefanyika. Ingekuwa safi kuliko ile ya kwanza.

"Apana," mzee alisema.

"Baba, ni mikono tu!"

"Mi nilimuoza mutoto wangu mara moja. Siwezi kumuoza tena na kijana wa barabarani, eti kwa sababu ya picha." Akanigeukia. "Na nikuambie. Siku ile kamera ilikuwapo. Yule mupiga picha alinivuta kanzu mara mbili, mzee sogea, mzee sogea. Nikamuambia niache, nipo naoza. Sasa picha ile iko wapi?"

Hapo nikakumbuka. Mgongo. Dakika mbili za mgongo mweupe uliojaza skrini yote, na sauti zikitoka nyuma yake. Niliuona kwenye montaji, nikasema hii ni aibu, nikaukata wote, nikaweka kiraka.

Nilimpigia bosi wangu wa zamani. Aliacha picha siku nyingi. Sasa anabadilisha faranga na kuuza vocha Gatumba, karibu na mpaka. Simu iliita mara nne.

"Kaseti?" alisema. "Zipo. Lakini mafuriko yalizipitia, unajua huku."

"Zote?"

"Njoo utazame mwenyewe. Mi sijui kusoma mwandiko wako."

Tulikwenda kwa gari la mteja wa mzee. Mwenye gari alikuwa amelala foleni siku mbili kupata lita kumi za petroli, na mzee alikuwa akijaribu kutotazama mshale wa mafuta.

"Akiuliza," binti alisema, "utamuambia nini?"

"Nilikuwa najaribu breki."

"Mpaka Gatumba?"

"Breki nzuri hujaribiwa mbali."

Daraja la Rusizi lilikuwa na msururu wa malori, na tulisimama pale dakika thelathini na tano, injini imezimwa ili kuokoa mafuta, dada akiwa na barua mapajani. Kila baada ya muda aliikunjua na kuisoma tena mstari wa mwisho. Nilikaa kiti cha nyuma. Nilitaka kushuka na kuondoka kwa miguu. Nimeondoka sehemu nyingi hivyo, bila kuaga, na hiyo ndiyo njia niliyoiacha studio ya huyu bosi tuliyekuwa tunamfuata.

Naye hakusahau. "Huyu mutoro wa kazi!" alisema kabla ya salamu. "Umeniachia harusi tatu mezani, umeenda kuangalia friji!" Lakini alipouona uso wa dada aliacha utani, akatuingiza ndani.

Kwenye ukuta wa sebule mstari wa tope ulipita juu ya meza. Kaseti zilikuwa kwenye ndoo yenye kifuniko juu ya kabati, ndogo kama visanduku vya kiberiti. Nyingine alizikausha juani zikapinda. Tulizimwaga mkekani. Lebo zilikuwa na mwandiko wangu, wino umetawanyika.

Niliipata ya kwao baada ya kuzipitia karibu zote, nikaigeuza. Lebo ilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza, "Nikaha Buyenzi", ulikuwa umekatwa kwa kalamu. Chini yake: "Anniversaire mtoto".

"Umeirekodia juu," nilisema.

"Kaseti ilikuwa ghali, ndugu yangu. Kila mutu alifanya hivyo. We pia."

"Imefutika?" dada aliuliza. "Mtu aniambie. Imefutika?"

Inategemea, nilimweleza. Sikukuu ya kuzaliwa kwa mtoto imerekodiwa kuanzia mwanzo wa kaseti. Kama ilikuwa fupi, imekula mapokezi ya wageni tu. Kama ilikuwa ndefu, imekula na nikaha.

Kamera ya bosi ilikuwa nzima ila betri yake ilikufa zamani, na umeme haukuwapo. Mzee alifungua boneti, akaunganisha kifaa cha gereji kinachotoa umeme kwenye betri ya gari, akavuta waya mpaka dirishani. Niliweka kaseti. Kamera iliimeza kwa mlio wa mchanga.

Tulisimama wanne, vichwa vimegusana, juu ya skrini ndogo kama kadi. Mtoto mwenye kofia ya karatasi. Keki. Mtoto analia. Watu wanapiga makofi. Nilipeleka mbele. Keki bado. Mtoto analishwa. Shangazi anacheza.

"Sikukuu gani hii haiishi?" mzee alinong'ona.

Shangazi bado anacheza. Dada alinishika kiwiko bila kujua amenishika. Dakika ya ishirini na sita, ishirini na saba. Kisha skrini ikawa buluu. Vikatokea vipande vya mraba vya rangi, kama mosaiki iliyovunjwa, halafu picha ikajikusanya.

Mgongo.

"Ndiyo mimi," alisema mzee.

Ulikuwa mgongo wake kweli, kanzu imebana mabegani, umejaza kila kitu. Pembeni uliona tu kiwiko cha bwana harusi na ncha ya kilemba cha shehe. Lakini sauti ilikuwa safi. Ilisikika sauti ya mzee, nzito, ikimtaja binti yake, ikisema nimekuoza. Ikafuata ya kijana: "Nimekubali..." na ikakatika. Kikohozi. Wanaume wakacheka kidogo. Mtu akasema mpeni maji. Shehe akasema taratibu, mwanangu. Kijana akaanza upya, na safari hii akafika mwisho: amekubali ndoa yake kwa mahari yaliyotajwa.

Dada alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio.

"Rudisha," alisema.

Nilirudisha. Ile sehemu inayokatika aliisikiliza mara tatu.

"Kwa nini ulitoa hii?"

"Ilikuwa mbaya," nilisema. "Ilikuwa haionyeshi kitu."

Ilikuwa karibu saa saba.

Bosi alituazima kamera bila kutaka hati yoyote. Tulipofika Buyenzi mshale wa mafuta ulikuwa umelala kabisa, na mzee akaliacha gari barabarani hatua chache kabla ya gereji. Nilikuwa na kompyuta moja ya zamani yenye tundu la waya wa kamera ile, na niliiwasha nikiwa naiongelesha kama mgonjwa. Niliingiza dakika mbili. Nilitoa mikono ya Mutanga Nord, nikatoa kaswida, nikaweka mgongo. Ile mosaiki mwanzoni niliiacha kama ilivyo. Vidole vilitaka kuisafisha, na vilitaka kukata kikohozi. Nilivizuia.

Niligrava kwa kasi ndogo kabisa, maana disiki tulizokuwa nazo zilikuwa za bei ya chini na kasi huziharibu. Dada alisimama nyuma yangu mwanzo hadi mwisho. Ya kwanza ilitoka. Niliitazama yote kwa kurukaruka, ikaenda. Ya pili ilitoka. Ya tatu ilikwama karibu na mwisho, mashine ikaitema.

"Acha," alisema. "Mbili zinatosha. Saa tisa na dakika ishirini."

Ofisi ya kupokea faili ilikuwa mjini kati. Tulifika saa kumi kasorobo, tumetembea nusu ya njia na kukimbia nusu, mzee nyuma yetu akipumua kwa sauti. Mlinzi alitupa fomu ya kuambatanisha na disiki. Dada alijaza jina, tarehe, mahali. Kalamu ikasimama.

Mstari wa mwisho ulikuwa na visanduku viwili. Uliuliza kama video imekatwa au kubadilishwa kwa njia yoyote. Aliyeweka ndiyo alitakiwa kueleza, na kutaja mtu aliyeifanya kazi hiyo, namba ya kitambulisho chake na simu.

"Inauliza nini?" mzee alisema, maana Kifaransa cha fomu hakikuwa chake.

Nikamtafsiria. Akanitazama.

"Nikiandika apana?" dada aliniuliza polepole. "Watajua?"

Mlinzi aligonga saa ya ukutani kwa kidole. Nilifikiria ile mosaiki. Nilifikiria sauti inayobadilika ghafla pale kaswida inapokwisha. Mtu mwenye kazi ile angejua.

"Watajua," nilisema.

"Na nikiandika ndiyo, watasema si kweli yote."

"Sijui watasema nini."

Alinisukumia fomu pamoja na kalamu. "Basi andika we. Ni kazi yako."

Maisha yangu yote nimepita kwenye kazi bila kuacha jina. Sikuwahi kusaini mkataba, wala daftari la mtu. Niliandika kwa Kifaransa changu cha mwaka wa pili, na najua kina makosa: kwamba mimi ndiye niliyeondoa dakika mbili za nikaha na kuweka mikono ya watu wengine, kwamba wenye ndoa hawakujua, kwamba dakika hizo sasa zimerudishwa kutoka kwenye kaseti. Nikaandika jina langu, namba yangu, simu yangu. Nikasaini. Mlinzi akachukua bahasha, akaingia nayo ndani, na mlango ukafungwa kwa ufunguo nyuma yake.

Wiki tatu sikuhama. Hata nilipochoshwa na kibanda, sikuhama, na simu niliichaji kila siku. Ilipoita ilikuwa sauti ya mwanamke wa viza, Kifaransa safi. Aliuliza kama ni mimi wa montaji. Nikasema ndiyo. Aliuliza kwa nini nilikata sehemu ile. Nikamwambia mgongo wa mzee uliziba picha. Mzee gani? Baba wa bibi harusi, nikasema, ndiye aliyekuwa anaoza. Akauliza tena jambo lilelile kwa maneno mengine, nikajibu lilelile kwa maneno yaleyale, maana sikuwa na mengine. Nilisikia vidole vikigonga kompyuta. Akashukuru, akakata.

Dada hakurudi kibandani, na sikuwa na ujasiri wa kumpigia. Miezi ikapita. Siku moja nilipita gereji, nikaona miguu ya mzee imetokeza chini ya pikapu. Nilisalimia.

"Ni we, fundi?" alisema bila kutoka. "Ameshafika kwa bwana yake. Anasema kuna baridi sana."

Nilisogea karibu na pikapu.

"Nipe spana ya kumi na saba," alisema. "Iko hapo karibu na mguu wako."